Mgeni wa Namba Kumi na Tisa

Shangazi yangu hupiga pasi mashati mia moja na kumi kwa siku. Sikadirii. Kiwanda cha kufulia nguo anakofanya kazi humsukumia mikokoteni miwili kila siku, mmoja asubuhi na mwingine mchana, na kila mkokoteni una mashati hamsini na tano. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita. Ukimuuliza inahusu nini, atakuambia inahusu watu ambao hawapo.

"Shati linakuja limechakaa kiwiko cha kushoto," husema. "Basi najua huyu bwana akifikiri huegemea meza. Sijawahi kumwona hata siku moja, lakini tukikutana njiani nitamtambua kwa kiwiko."

Anaishi ghorofa ya tatu, katika jengo lenye ujia mrefu wa wazi na milango kumi na minne, na wake ni wa saba. Chumba cha mbele kina kochi moja, meza ya kukunja na kabati la vyombo. Kuta zote nne zina picha, kumi na moja kwa jumla, na ukiingia mara ya kwanza unasimama mlangoni bila kutaka.

Ni picha zilizochapwa kwa mkono, za toleo dogo. Kila moja ilitoka nakala thelathini tu. Nakala hizo zilipewa namba kwa penseli pembeni, kisha fremu za kitambaa zilizozichapa zikasuguliwa mpaka zikawa nyeupe, ili isije ikatoka ya thelathini na moja. Rangi zake zina kelele kama pakiti za sabuni, lakini yanayotendeka ndani yake ni ya usingizini. Kuna kopo la maziwa lenye mlango mdogo ubavuni, na ndani taa inawaka. Kuna kitana ambacho meno yake ni watu waliopanga foleni, na mmoja wa katikati amechoka, amechuchumaa. Kuna kipande cha sabuni kikubwa kama ghala kinachoelea juu ya mapaa ya mji, na madirisha yote yako wazi kukitazama.

Vitabu vya chuoni vina majina ya mambo haya. Kuna sanaa ya pop, iliyochukua vitu vyake dukani na kwenye matangazo, na kuna usurealisti, ulioamini kwamba ndoto ni shahidi wa kutegemewa. Shangazi hana shida na majina hayo. Yeye picha hizo huziita vitu vinavyoota.

Mimi nilisomea sanaa miaka mitatu, nikatoka na cheti na hasira. Niliamini, na bado naamini, kwamba picha nzuri ni haki ya kila mtu kama maji. Nilikuwa nikikaa kwenye kochi lile na kuhutubia. Kwa nini thelathini? Nani aliyewapa watu thelathini ruhusa ya kuona na mji mzima ukanyimwa? Shangazi husubiri nimalize, halafu husema, "Profesa, chai yako inapoa."

Aliyezichapa picha hizo anaitwa Fundi Wino, na karakana yake iko nyuma ya duka la matairi. Walijuana kwa sababu ya aproni. Aproni zake zililetwa kiwandani zikiwa na rangi ambazo dawa zote zilishindwa kuzitoa, na wapokeaji wakazifunga na kuandika juu yake "haiwezekani". Shangazi akazichukua mwenyewe wakati wa mapumziko ya mchana na kumpelekea.

"Hizi nimekataa kuzitoa mimi," akamwambia, na huo ulikuwa uongo wa heshima. "Zinapendeza. Hebu nionyeshe zilizobaki kwenye karatasi."

Alitoka pale na picha ya kopo la maziwa. Zile nyingine alizinunua moja moja, kila mwaka alipopata malipo ya likizo.

Jumapili alasiri majirani huja kwake kusomewa picha. Sijui neno bora zaidi ya kusomewa. Huwa anasimama mbele ya picha mikono nyuma, na huwa na utaratibu mmoja tu.

"Picha ni kama shati," huwaambia. "Usianze kifuani, hata kama kifua ndicho wanachokiona watu. Anza kwenye kola."

Kola kwake ni ile sehemu ya juu kabisa ambayo hakuna anayeitazama. Baadaye hushuka mabegani, kisha mikononi, yaani pembeni kulia na kushoto. Kifua huja mwisho, na ukifika huko umeshajua nusu ya mambo. Ndipo anapouliza swali lake. Haulizi picha ina maana gani. Huuliza, "Ni nini kimetokea hapa sasa hivi, kabla hatujaingia?"

Mama Pacha, jirani wa mlango wa nane, ndiye mwanafunzi wake mkubwa na mchokozi wake mkuu. Siku ya kitana alitazama weee, halafu akasema, "Huyu aliyechuchumaa ni mimi, foleni ya hospitali. Na kabla hatujaingia, yule wa mbele alisema anamshikia mwenzake nafasi. Kumbe mwenzake ni ukoo mzima."

Watu walicheka. Shangazi hakucheka. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo, akasema taratibu, "Kweli. Tazama, wa mbele yake wamefanana mabega." Tukaangalia. Walikuwa wamefanana mabega. Nilikuwa nimeitazama picha hiyo tangu nikiwa sekondari na sikuwahi kuona.

Lakini aliyoipenda kuliko zote ilikuwa juu ya kabati, peke yake, nayo ilikuwa inaitwa Mgeni.

Ilikuwa picha ya kiti. Kiti cha njano cha mbao, chenye mto wa kijani uliobonyea katikati kama umekaliwa. Sakafuni palikuwa na kivuli cha bluu, kivuli cha mtu aliyeketi, kamili mpaka magoti. Kitini hapakuwa na mtu. Na hewani, usawa wa kinywa cha mtu ambaye hayupo, kilielea kikombe cheupe chenye ukingo mweusi, kikitoa mvuke. Pembeni palikuwa na namba kwa penseli: 19/30.

Shangazi aliinunua mwaka uliofuata kifo cha mumewe. Hilo hakulisema na sisi hatukulisema. Alichosema ni kwamba mgeni ameinuka sasa hivi tu, chai ni ya moto bado, na aliyeacha chai ya moto hajaenda mbali. Mama Pacha alipofiwa na mumewe alikuja kukaa mbele ya picha hiyo siku tisa mfululizo na kikombe chake mkononi, na Shangazi akamwachia ufunguo wa mlango alipokwenda kazini.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo aliniambia mimi tu. "Kila nikiitazama huwakumbuka wale ishirini na tisa," alisema. "Siwajui. Lakini wako mahali, kwenye vyumba vyao, na kiti hiki kiko ukutani kwao. Pengine mmoja wao anakitazama dakika hii hii. Wewe unapigia kelele thelathini kwamba ni wachache. Kwangu ni umati, mwanangu."

Basi, mwaka huu jino la nyuma liliniuma mpaka nikasalimu amri. Daktari wa meno niliyeelekezwa ni mama mmoja mpole mwenye mikono midogo. Nilikuwa nimelala kwenye kiti chake, ganzi imenishika nusu ya uso, nilipogeuza macho ukutani.

Kiti cha njano. Mto wa kijani. Kivuli cha bluu. Na kitini ameketi mtu.

Alikuwa mwekundu mtupu, bila mstari wa wino kumzunguka, mwili mmoja wa rangi. Kichwa chake kilikuwa birika. Mkono wake ulishika kile kikombe, na mdomo wa birika ulikuwa umeinamia juu yake. Pembeni: 8/30.

"Mm," nilisema, nikinyoosha kidole.

"Ah, mgeni wangu," daktari akasema. "Wagonjwa wote humpenda. Fungua mdomo."

Aliponiruhusu kuinuka nilimweleza, kwa mdomo uliopinda, kwamba nyumbani kwetu iko ileile lakini haina mtu. Aliitazama picha yake, akanitazama mimi.

"Haina mtu kabisa?"

"Kiti kitupu."

"Pole," akasema, kwa sauti aliyotumia kuniambia habari za jino. "Basi ya kwenu imeharibika."

Mtu mwenye busara angekwenda nyumbani akanyamaza. Mimi nilikwenda moja kwa moja karakana, pamba ingali mdomoni, kumwuliza Fundi Wino kwa nini amemdanganya shangazi yangu miaka kumi na minne.

Fundi ni mzee mrefu asiyepandisha sauti. Alinisikiliza akiwa anakaza kitambaa kwenye fremu. Nilipomaliza aliweka nyundo chini, akatoa daftari kwenye droo, akafungua ukurasa wa Mgeni. Yalikuwa majina thelathini, namba kwa namba.

"Shangazi yako aliwahi kuniambia," alisema. "Aliniambia mgeni ameinuka na chai ni ya moto. Nikadhani ni yale maneno yake tu, maana yeye husema hivyo. Sikwenda kuona. Mimi picha ikitoka hapa siifuati."

Kisha akanionyesha jinsi ilivyotokea, maana nilikuwa sijaelewa, pamoja na cheti changu. Mgeni ilikuwa na rangi saba, na kila rangi ilikuwa na fremu yake na siku yake. Rangi husukumwa kwa mpira kupita kwenye kitambaa, ikashuka kwenye karatasi, karatasi ikalazwa kwenye rafu ikauke, kesho rangi nyingine. Siku ya tano, siku ya nyekundu, karatasi mbili ziligandana. Ya juu ilipata mgeni wake. Ya chini ilikaa imejificha. Zilipoachana, ya chini ikaendelea na safari: rangi ya sita, rangi ya saba, kikombe na mvuke wake, macho ya Fundi yakiwa kwenye kitambaa tu.

"Na wakati wa kutia namba?"

Alichukua rundo la karatasi mezani, akalitandaza kama ngazi, kila karatasi ikitokeza ukingo wa vidole viwili tu. "Hivi. Ili mikono isichafue. Naona pembeni, sioni picha. Niliandika kumi na tisa juu ya karatasi ambayo sikuiona, nikaiviringisha, naye akaichukua hivyo hivyo."

Nilijiona mshindi. Nilitaka aombe radhi. Lakini alifunga daftari akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Itabidi ichanwe."

"Ichanwe kwa nini?"

"Niliwaahidi watu thelathini kitu kimoja. Chenye kasoro hakibaki duniani na namba yangu. Huchanwa mbele ya mwenyewe, naye hupewa nzima. Ninayo moja, nakala yangu ya fundi, isiyohesabiwa kwenye zile thelathini. Nitamletea Jumapili. Ni aibu yangu, siyo yake."

"Fundi, hiyo ndiyo picha anayoipenda kuliko zote."

"Ndiyo maana nitakuja mwenyewe," akajibu.

Siku tatu nilizunguka na habari hiyo kama mtu aliyemeza mwiba. Alhamisi nilimwambia. Alikuwa anakunja shuka zake, akakunja mpaka la mwisho kabla ya kujibu.

"Ana kichwa cha birika," alisema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Na wote wanaye."

"Wote ishirini na tisa."

Alikaa kwenye kochi. Hakutazama ukutani. "Kwa hiyo hakuna aliyekuwa anatazama ninachotazama," alisema. "Nilikuwa peke yangu humu ndani."

Sijawahi kuichukia elimu yangu kama dakika ile.

Jumapili Fundi Wino alikuja amevaa shati jeupe. Shangazi alimtazama kola kwanza, akaridhika, akamkaribisha. Mama Pacha alikuwepo, amejipachika kwenye kiti cha mlangoni kama askari. Fundi alifungua mkoba mkubwa wa kadibodi akatoa nakala yake, mgeni mwekundu akang'aa chumba kizima, akaiegemeza kwenye kabati chini ya ile nyingine. Halafu akainua macho.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona namba kumi na tisa. Nilimwangalia. Alisimama muda mrefu kuliko heshima inavyodai.

"Dada yangu," akasema mwishowe, "nimekukosea."

"Hujanikosea. Kaa, unywe kitu."

"Nikikaa sitaweza. Naomba uishushe."

"Baba," Mama Pacha akaingilia, "wewe ukishona suruali ukasahau mfuko, unarudi baada ya miaka kumi na minne kuchana suruali mtu ameivaa?"

"Suruali haina namba, mama."

"Yangu inayo. Arobaini na nne."

Hata Fundi alitabasamu kidogo, lakini hakuondoka pale alipokuwa. Nilianza kuhutubia: mtu ana haki juu ya kilicho ukutani kwake, na toleo ni desturi ya wenye nacho. Shangazi aliinua mkono nikanyamaza.

"Fundi yuko sawa," alisema. "Alitoa ahadi. Kama kumi na tisa si kama zile nyingine, basi kuna watu ishirini na tisa waliodanganywa bila kujua." Akamgeukia. "Lakini nikuulize. Ahadi hiyo ulimpa nani?"

"Wao. Wenye picha."

"Basi ni yao. Wanaoweza kukufungua ni wao, na wanaoweza kukudai ni wao. Mimi na wewe hatuwezi kuimaliza hapa mezani. Waite. Waje na za kwao, waione hii kabla haijachanwa. Wakisema ichanwe, nitaishusha kwa mkono wangu."

Fundi alitazama sakafu. Kisha akatoa lile daftari mfukoni akanikabidhi. "Wewe mwenye maneno mengi," akaniambia, "andika."

Daktari wa meno nilimwambia kwa mdomo, na wengine niliwaandikia barua ishirini na nane. Saba zilirudi, maana watu walikuwa wamehama. Wanne walikuwa wamefariki, na watoto wao wakajibu kwa niaba yao. Wengine walinyamaza. Jumapili ya tatu, saa tisa alasiri, watu kumi na wawili walipanda ngazi za jengo letu wakiwa na picha zao, wakiwa wamezifunika kwa mashuka, taulo na magazeti. Daktari wa meno alikuja na yake ndani ya foronya. Majirani walitoa viti nje, na kwa kuwa chumba kisingetosha, Shangazi aliagiza picha zote zipangwe kwenye ujia, zikiegemea ukuta, kuanzia mlango wa kwanza.

Aliyepanda mwisho alikuwa mpima ardhi mstaafu, mzee mwembamba, mkavu, mwenye namba ishirini na saba. Alikuwa ameielewa barua vizuri kuliko wote.

"Sitaki kuwa mtu mbaya," alisema kabla hata ya kusalimia vizuri. "Lakini kazi yangu ilikuwa mipaka. Nilichukua moja kati ya thelathini zinazofanana. Ishirini na tisa na kasoro moja siyo thelathini. Kama kitu hakiko sawa, hakiko sawa."

"Una haki, baba," Shangazi akamjibu. "Ndiyo sababu nimekuita. Nipe nafasi nisome, halafu utasema."

Mpima ardhi alikubali kwa kichwa, akabaki amesimama.

Shangazi alianza mlango wa kwanza, mikono nyuma. Alipita picha zote kumi na mbili bila kusema neno, akarudi, akapita tena. Watoto wote walikuwa wameambiwa wakae. Mara ya tatu aliinama, akachukua picha ya daktari, akaihamisha nafasi tatu mbele. Akachukua ya mpima ardhi, akairudisha nyuma. Akabadilisha mbili za katikati. Fundi alimfuata kwa macho, paji la uso limekunjamana.

"Shangazi yako anafanya nini?" Mama Pacha akaninong'oneza.

Sikujua. Nilijua tu kwamba nilishawahi kuyaona mikononi mwake mashati meupe kumi ambayo kwangu yote ni meupe, naye akayapanga kwa idadi ya mara yalizofuliwa, asikosee hata moja.

Aliingia ndani akatoka na namba kumi na tisa. Akaiweka mwisho wa safu, karibu na mlango wake.

"Njooni msimame hapa," alisema. "Msitazame moja moja. Tazameni safari."

Tukasogea. Na nikaona.

Wekundu haukuwa mmoja. Mlango wa kwanza mgeni alikuwa mwekundu mzito, kama nyanya iliyoiva. Aliyefuata alikuwa amepungua kidogo, chembe tu, usingejua bila jirani yake. Wa tano ungeweza kuona mbao za kiti nyuma ya kifua chake. Wa tisa mto wa kijani ulionekana ndani ya mapaja. Wa kumi na mbili alikuwa mwekundu wa maji yaliyosuuziwa nguo, birika la kichwa chake likionekana kama pumzi kwenye kioo. Baada yake palikuwa na kiti, kivuli na kikombe.

"Miaka kumi na minne nilisema mgeni ameinuka," Shangazi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo na hakuna aliyekosa neno. "Nilikosea. Angekuwa ameinuka, kivuli kingeinuka naye. Tazameni kichwa chake kilivyoinama. Huyu amekuja na chai yake mwenyewe, hataki kumsumbua mwenye nyumba. Anamimina. Hapa mwanzo amejaa, hapa amefika nusu, hapa amebaki kidogo. Na hapa mwisho amejimimina wote." Aliinama akagusa kioo karibu na kikombe. "Hajaenda popote. Yumo humu. Ndiyo maana kina moto bado."

Daktari wa meno alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mama Pacha aliketi polepole, akafunika uso kwa upande wa kanga yake, na Shangazi akasogea akasimama karibu naye, akiwa anatazama picha tu.

Mimi nilikuwa na miaka mitatu ya chuo kichwani. Nilikuwa nimeandika makala kuhusu ndoto na makopo. Nilisimama pale kama mtu aliyefunguliwa dirisha kwenye ukuta aliodhani hauna kitu nyuma.

Fundi Wino alitembea safu nzima, kutoka mlango wa kwanza hadi wa saba, akagusa ukingo wa kila fremu.

"Nyekundu ilikuwa inaniishia siku ile," alisema, kama anayeungama. "Duka lilikuwa limefungwa. Nikawa naizimua. Nilidhani hakuna atakayeona. Na birika nililiweka kwa mzaha. Niliona birika mtu amelisahau juu ya kiti, nikacheka. Basi. Sikujua nimechora nini."

Kisha akamgeukia mpima ardhi, na sote tukageuka naye, kwa sababu neno lilikuwa lake.

Yule mzee alikuwa amepiga goti moja mbele ya namba kumi na tisa, miwani imepandishwa kwenye paji la uso. Alianza juu, kwenye kola. Akashuka mabegani. Alichukua muda wake kama anayepima kiwanja chenye kesi.

"Haifanani na yangu," alisema.

"Haifanani," Shangazi akakubali.

"Lakini bila hii yangu haina mwisho." Aliinuka kwa shida, daktari akamshika mkono. "Fundi, usiguse kitu. Mimi kwa upande wangu nimekufungua. Sijui wenzangu."

Wenzake walisema hivyo hivyo, mmoja mmoja, kila mtu kwa namna yake. Kijana aliyekuja na picha aliyoachiwa na marehemu mama yake aliitikia kwa kichwa tu. Fundi alilifungua daftari, akatafuta mahali pa kuandika, akalifunga tena bila kuandika.

Watu walipoanza kufunika picha zao, mpima ardhi hakufunika yake. Alimsogelea Shangazi, akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Mama, naomba kitu ambacho pengine si adabu. Nyumbani niko mwenyewe tangu mwaka juzi. Ningependa kukaa na hii yako. Mwezi mmoja. Nitairudisha kwa mkono wangu."

Nilitaka kusema hapana. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Shangazi alimtazama, na nadhani alitazama kiwiko cha shati lake.

"Na yako ibaki hapa," akasema. "Ili nione wewe ulikuwa unatazama nini."

"Na mimi baada yake," daktari wa meno akasema haraka. "Nitaining'iniza palepale mbele ya kiti. Wagonjwa wanahitaji."

"Mimi mwezi wa tatu," akasema yule kijana.

"Pangeni foleni," Mama Pacha akasema, akijifuta macho. "Na asitokee mtu wa kumshikia mwenzake nafasi."

Fundi akalifungua daftari tena. Safari hii aliandika.

Shangazi aliifunga namba kumi na tisa mwenyewe, kwa shuka lililopigwa pasi, kona juu ya kona, kama anavyofunga shati la mtu anayesafiri. Sikuona huzuni usoni mwake. "Sasa nitakuwa najua kabisa wanatazama nini," aliniambia kwa sauti ya chini. "Na nitawajua kwa majina."

Mpima ardhi alishuka ngazi akiikumbatia picha kifuani, hatua moja moja, na Fundi Wino alimtangulia akiwaomba watoto wapishe njia. Yeye asiyefuata picha. Walipofika ghorofa ya pili Shangazi aliegemea ukingo wa ujia akawaita.

"Baba, ukiitundika, isiwe usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Iwe usawa wa aliyekaa."

Mzee aliinua uso. "Aliyekaa nani? Nimekwambia niko mwenyewe."

"Wewe," Shangazi akasema. "Utakaa tu."